Udogo wa chuo si udogo wa utafiti

MWEZI uliopita nilikwenda nyumbani Othaya kumzika jirani yetu. Baada ya maziko tulikaa chini ya mparachichi tukinywa chai, kila mtu na habari zake. Mzee mmoja aliyekwisha kupita miaka themanini, mkulima wa kahawa tangu ujana wake, akanigeukia.

“Mwarimu,” akaniita, maana kwetu mwalimu hubaki mwalimu hata akipewa cheo gani. “Pale Nyeri mna chuo kikuu. Karatina kuna kingine. Murang’a, Kirinyaga, Embu, Chuka, Meru, kote kuna vyuo. Tumezingirwa na vyuo kama boma na ua wake. Hebu niambie, watu hao hutafiti nini?”

Nikaanza kumjibu. Dakika mbili hazijapita nikagundua kwamba kila neno la tatu kinywani mwangu lilikuwa la Kiingereza. Mzee akanikatiza kwa upole. “Mimi utafiti ninaoujua ni Ruiru 11. Huo niliuona kwa macho yangu, nikaupanda kwa mikono yangu. Huu mwingine uko wapi?”

Sikuwa na jibu. Nimefundisha chuo kikuu kwa miongo mitatu na zaidi, nimesimamia tasnifu nisizoweza kuzihesabu, na bado swali la mkulima lilinifunga mdomo. Makala ya leo ni jaribio la kumjibu, ingawa kwa kuchelewa.

Swali lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuhusu mawanda ya utafiti: chuo kidogo kinaweza kutafiti mambo mangapi, na yenye uzito gani? Ya pili ni kuhusu makazi ya utafiti huo: ukishafanywa, huishi wapi? Wengi wetu hudhani kwamba tatizo la vyuo vidogo liko katika sehemu ya kwanza. Watu husema, “Vyuo vya juzi hivi, vitatafiti nini?” Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba tatizo liko katika sehemu ya pili.

Tuanze na mwana wa Othaya mwenyewe. Kabla ya siasa kumchukua, Mwai Kibaki, mzaliwa wa Gatuyaini, alikuwa mwanachuo. Alihitimu Makerere mwaka 1955 kwa daraja la kwanza, akaenda London kusomea fedha za umma, kisha mwaka 1958 akarudi Makerere kuwa mhadhiri msaidizi wa uchumi. Aliacha kazi hiyo mwaka 1960 ili awe afisa mtendaji wa chama kipya cha KANU. Sisi hukumbuka siasa iliyofuata. Ni wachache wanaojiuliza, je, hiyo Makerere aliyoiacha ilikuwa chuo cha namna gani?

Ilikuwa chuo kidogo. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilizotolewa zilikuwa za London. Wanafunzi wake walihesabiwa kwa mamia tu, nao walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa vipimo vya leo, vyuo vyetu vingi vya Mlima Kenya vinaizidi Makerere hiyo kwa idadi ya wanafunzi, tena mara nyingi.

Sasa tazama kilichotafitiwa pale. Daktari Hugh Trowell alihangaikia watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele na ngozi, ugonjwa ambao sisi tunauita kwashakoo au unyafuzi. Wengi walidhani ni minyoo au maradhi mengine. Trowell na wenzake wakashikilia kwamba kiini chake kilikuwa chakula, hasa upungufu wa protini, na mwaka 1954 wakachapisha kitabu kizima juu yake. Mkewe, Margaret Trowell, naye alianzisha mafunzo ya sanaa hapo chuoni mwaka 1937. Mwaka 1953, akishirikiana na Klaus Wachsmann, alitoa kitabu kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda: vikapu, vyungu, ngoma na vinginevyo. Yaani katika nyumba moja mume alichunguza njaa ya mtoto, mke akachunguza ususi wa kikapu.

Mwaka 1957 Trowell huyohuyo alimwita mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, hospitali iliyofundishia madaktari wa Makerere. Alitaka amtazame mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Burkitt hakuishia kwa mtoto yule. Alichapisha makala ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia ndani ya gari moja kuukuu, wakasafiri takribani kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali: je, mmeuona uvimbe huu? Waligundua kwamba saratani hiyo ina ukanda wake wenye joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama huku kwetu, ilikuwa adimu. Sampuli za uvimbe zilizopelekwa London kwa ndege kutoka Uganda ndizo zilizowawezesha Anthony Epstein na wenzake, mwaka 1964, kutambua kirusi cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hiyo ni tiba tu. Mwaka 1950 Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki ilianza kazi hapo Makerere chini ya Audrey Richards. Miongoni mwa mambo iliyoyachunguza ni maisha ya vibarua waliomiminika Buganda kutoka Ruanda-Urundi na kwingineko kutafuta kazi mashambani.

Fauka ya hayo, kuna jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulijua. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha lugha yetu, ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa huko hadi 1962. Kwa miaka kumi, makao ya utafiti wa Kiswahili yalikuwa Kampala, jiji ambalo wengi wa wenyeji wake hawakukitumia Kiswahili nyumbani! Wakati huo Wilfred Whiteley alichunguza Kimtang’ata na lahaja za Pemba, na jarida la kamati likachapisha maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Baada ya kupitia Mombasa, kamati hiyo ilikwenda Dar es Salaam, ikawa taasisi ambayo wasomi wa Kiswahili tuliijua kwa jina la TUKI. Kamusi nyingi tulizosomea zilitoka huko.

Hesabu, msomaji: lishe, saratani, uchumi, vibarua, vikapu, lahaja. Yote haya katika kilima kimoja, kwa miaka isiyozidi kumi na mitano, chuoni ambako karibu kila mhadhiri aliwajua wenzake kwa majina.

Iliwezekanaje? Kwa maoni yangu, sababu ni mbili. Kwanza, walitafiti kilichokuwa mlangoni. Watoto wenye kwashakoo walikuwa wamelala wodini, na vibarua walipita barabarani. Pili, udogo wenyewe ulisaidia. Pale ambapo daktari wa lishe na daktari wa upasuaji wanafanya kazi hospitali moja, swali halihitaji barua wala kamati ili livuke kutoka idara hadi idara. Anayeona ajabu humwita mwenzake aje atazame.

Lakini tusiipake Makerere rangi ya dhahabu. Watafiti niliowataja wote walikuwa Wazungu. Waafrika wengi katika kazi hizo walikuwa wasaidizi, wakalimani na watu wa kuhojiwa. Matokeo yaliandikwa kwa Kiingereza, yakasomwa London. Hapo ndipo tunapofikia sehemu ya pili ya swali la mzee: utafiti huishi wapi?

Chukua mfano wa kwashakoo. Jina hilo lenyewe linatoka katika lugha ya Kiga, lugha ya watu wa Accra na viunga vyake. Daktari Cicely Williams aliwasikia kina mama wa huko wakilitumia kwa ugonjwa unaompata mtoto wakati mwingine anapozaliwa nyuma yake. Akalichukua lilivyo, akalipeleka katika majarida ya tiba katika miaka ya thelathini. Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, na katika fahamu zao pia ulikuwa ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amebeba mimba nyingine. Kwa hiyo kina mama, waliotenganishwa na nusu ya bara, walikuwa wameshaona uhusiano kati ya kuachishwa ziwa na kuugua. Wanasayansi walikuja kueleza kwa nini.

Kisha mwaka 1965 pakafunguliwa Mulago kituo cha kuwatunza watoto hao na kuwafundisha mama zao. Hakikupewa jina la profesa wala la mfadhili. Kiliitwa Mwanamugimu, kutokana na methali ya Kiganda yenye maana kwamba mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko, yaani malezi yake ya mgongoni mwa mama. Chakula cha mchanganyiko walichofundishwa akina mama kukipika kwa vitu vya shambani mwao kikaitwa kitobero, neno la Kiganda pia. Mama aliyetoka pale hakuondoka na ripoti. Aliondoka na neno na chungu. Kwa namna hiyo utafiti wa chuo kidogo ulipata makazi kijijini.

Dar es Salaam nayo ina funzo lake. Chuo chake kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la TANU. Miaka saba baadaye wanafunzi wa historia walitumwa kusini mwa Tanzania kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, si maprofesa! Walirudi na ushahidi ambao hadi leo hakuna mwanahistoria wa vita hivyo anayeweza kuupuuza. Wazee walisimulia kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Vitabu vingi vilivyofuata viliandikwa kwa Kiingereza.

Sasa turudi mlimani. Vyuo vyetu hivi havikuanguka kutoka mbinguni. Miaka ya sabini, vuguvugu la harambee lilipopamba moto, wananchi wa Nyeri walichanga wakajenga taasisi ya ufundi iliyopewa jina la Kimathi. Murang’a, Kirinyaga na Meru nazo zilikuwa na vyuo vyao vya ufundi, na Embu palikuwa na chuo cha kuwafunza maafisa wa kilimo. Wakati wa utawala wa Kibaki, mwalimu wa zamani wa Makerere, vyuo hivyo vilianza kupandishwa hadhi. Kimathi na Chuka vikawa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007, Meru 2008, Karatina 2010, kisha Embu, Murang’a na Kirinyaga mwaka 2011. Kimathi ilipata hati ya chuo kikuu kamili Desemba 2012. Karatina, Chuka na Meru zikafuata 2013, na vile vitatu vya mwisho 2016.

Je, vinatafiti nini? Kimathi ina shamba lake la kahawa na taasisi ya mafunzo na utafiti wa jotoardhi. Meru ina taasisi inayochunguza usafi wa vyoo na majitaka. Embu imebaki na kilimo tangu enzi za chuo kilichoitangulia. Ongeza elimu, biashara, misitu, uuguzi, kompyuta na Kiswahili chenyewe. Mawanda hayo si haba. Chuo kilichojengwa kando ya mashamba ya kahawa kikichunguza kahawa, hakijapotea njia. Kinatafiti kilicho mlangoni.

Kwa nini basi mzee wa Othaya anajua Ruiru 11 peke yake?

Tuitazame hiyo Ruiru 11. Ugonjwa unaoozesha tunda changa la mbuni ulitambuliwa Kenya mwaka 1922, mwaka uleule Makerere ilipoanzishwa. Ndugu zetu Watanzania wanauita chulebuni. Huku kwetu mkulima anasema tu CBD, na anajua anachosema. Watafiti wa kituo cha Ruiru waliizalisha aina ya mbuni inayoustahimili, ikawafikia wakulima miaka ya themanini. Mwaka 2010 ikafuata Batian. Mkulima hakuhitaji kusoma makala ya mtu. Afisa wa kilimo alikuja, akasimama kati ya mistari ya mibuni, akaeleza kwa lugha ambayo mkulima anaielewa. Kitu kilikuwa na jina fupi, kilishikika, na mkulima aliweza kurudi msimu uliofuata kulalamika kisipofanya kazi. Huko kuruhusiwa kulalamika ni sehemu ya utafiti.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilipokuwa kijana nilitembea Mahiga, Chinga na Karima nikikusanya maneno ya Gikuyu yaliyotokana na Kiswahili: kahua, mbeca, thukuru, thirikari. Wazee walinipokea, wakanipa uji, wakanipa siku zao. Mmoja wao alinieleza kwa saa nzima jinsi neno thirikari lilivyoingia kijijini pamoja na kodi. Nikaandika, nikafaulu, nikapandishwa cheo. Sikurudi kuwasomea nilichoandika. Yule aliyenieleza habari za thirikari alifariki bila kujua kwamba maneno yake yamo kwenye ukurasa uliofungwa jalada gumu, katika maktaba ambayo mwanawe asingeruhusiwa kuingia bila kitambulisho cha chuo. Nilichukua kama anayekopa, nikakaa kama aliyepewa. Dawa ya deni ni kulipa, na hilo mimi sikulilipa.

Najua wenzangu watasema: sayansi ni ya dunia nzima, na dunia husoma Kiingereza. Ni kweli, na sisemi tuache kuandikia dunia. Watasema pia kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hapo nakataa. Kwashakoo ni neno la kina mama wa pwani ya Ghana, na leo limo katika vitabu vya tiba vya kila bara. Istilahi hutoka kwa wanaolijua jambo. Wakulima wa Othaya wana neno kwa kila hali ya kahawa, tangu ua hadi buni iliyokaukia mtini. Anayekosa maneno ni mtafiti ambaye hajawauliza.

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Basi napendekeza jambo dogo, lisilohitaji bajeti ya serikali. Kila tasnifu ya uzamili na uzamifu inayotetewa katika vyuo vyetu iambatane na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi: tuliuliza nini, tuliwauliza nani, tumepata nini, mkulima au mgonjwa au mwalimu afanye nini. Nakala moja ibaki maktabani. Nyingine irudishwe palepale data ilipotoka, iwe ni ofisi ya ushirika, zahanati au shule. Na mwanafunzi aupeleke muhtasari huo mwenyewe, akae, aulizwe maswali. Idara za Kiswahili, ambazo kila mara tunalalamika kwamba hazithaminiwi, zingepata kazi ya maana: kukaa na wahandisi, wauguzi na watu wa kilimo kutafuta maneno. Katika chuo kidogo hilo ni rahisi kuliko katika chuo kikubwa, kwa kuwa mhandisi na mwalimu wa Kiswahili hula chakula cha mchana kwenye meza moja.

Chuo hakipimwi kwa wingi wa majengo wala kwa urefu wa orodha ya machapisho peke yake. Kipimo kingine, ambacho mzee wa kwetu alinipa bila kujua, ni hiki: watu wanaoishi karibu na chuo wanaweza kutaja jambo gani moja kilichowafunza? Mulago wangetaja kitobero. Othaya wanataja Ruiru 11, nayo haikutoka chuo kikuu.

Mzee yule bado yu hai, namshukuru Mungu. Nimezitoa zile karatasi zangu za ujanani, nazifupisha kwa Kiswahili, kurasa mbili tu. Krismasi nikienda nyumbani nitampelekea. Nikifika nitamsomea, kisha nitamwachia nafasi anisahihishe.